Chuo chenye Joka Ukutani na Tangi la Galula

Tope lilikuwa limenifika kifuani na mguu wangu wa kushoto sikuuhisi tena. Lazaro, mwenzangu wa kazi, alikuwa ubavuni mwangu muda mfupi tu uliopita, ananitania kuhusu ndoa yangu. Sasa nilikuwa naona kofia yake nyekundu ya sufu inaelea peke yake. Juu yetu ukuta wa tangi ulikuwa umefunguka kama mdomo, na pampu bado inanguruma, inaleta maji mengine.

Injinia alitoka mbio kwenye kontena lake, kandambili moja imemvuka njiani. Akasimama ukingoni anapiga kelele kwa lugha yake, mikono inakwenda huku na huku. Watu wote wakamgeukia mkalimani. Mkalimani alikuwa Tusekile, binti wa dada yangu, mtoto niliyemlea mimi tangu baba yake alipofariki kule Ileje.

"Anasema nini?" watu wakapiga kelele. "Wewe binti, anasema nini? Tuchimbe wapi?"

Alifungua mdomo. Nikamwona anatabasamu, lile tabasamu walilomfundisha chuoni, halafu likamdondoka usoni. Hakumtazama injinia wala hao waliokuwa wanapiga kelele. Alinitazama mimi kwenye tope.

"Mjomba, sijui. Sijui anasema nini. Sijawahi kujua."

Injinia alikuwa anasema pampu izimwe. Hilo nilikuja kuambiwa baadaye sana, nikiwa kitandani. Pampu yenyewe aliizima Mama Vero, mpishi wetu, ambaye alichoka kungoja lugha za watu akaenda akakata umeme mwenyewe, mwiko bado mkononi. Bila yule mama ningekuwa nimezikwa sambamba na Lazaro. Dawa ya kuchenjulia dhahabu ilikuwa haijawekwa kwenye lile tangi, hiyo ndiyo bahati yetu ya pekee siku ile. Lilikuwa tope na maji tu, na matofali.

Nimeanza na hapo makusudi, nyie mliomaliza kidato cha nne na cha sita ambao sasa hivi mnapita Mlowo na Tunduma mnasoma mabango ya vyuo. Najua mnataka Kichina. Wengine mnataka Kihindi, Kikorea, Kijapani. Mnasema kazi ziko huko, na sikatai, kazi ziko huko. Mimi ni wa darasa la saba, sina cheti cha kuwaonyesha. Nina mguu unaoburuzika na miaka mingi kwenye matangi ya dhahabu ya Galula. Kaeni niwaambie chuo cha kusoma mambo ya Asia kinachaguliwaje, na kilichotupata sisi tuliochagua vibaya.

Kazi ya tangi nilifundishwa na mzee mmoja wa Itaka tuliyemwita Babu Nzunda. Mkali kama pilipili kichaa. Kabla ya kukupa koleo anakuambia, "Weka kiganja ukutani." Unaweka. "Unasikia nini?" Unasema baridi. "Baridi ya wapi?" Hapo wengi tulibaki tunakodoa macho. Tangi la tofali na zege likiwa zima, ubaridi wake uko sawa kote. Likianza kuchoka, unakuta sehemu moja ina unyevu kama shingo ya mtu mwenye homa. Siku yangu ya pili nilijifanya nimeelewa, nikaitikia, "Ndiyo babu, nimesikia." Akanipeleka kwenye ukuta mkavu wa choo, akaniambia weka kiganja. "Unasikia nini?" Nikasema unyevunyevu. Alinifukuza kwa fimbo hadi barabarani, watu wanacheka hadi wanakaa chini.

"Ukijifanya tena unajua," akaniambia nilipojirudisha, "nitakuzika na marudio." Marudio ni ule mchanga ambao wachimbaji wameshautoa dhahabu kwa mikono, sisi tunaununua tunauchenjua upya. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba kujifanya unajua ni kosa la kufukuzwa. Shika hapo, tutarudi.

Yule injinia alikuja na mitambo mipya, kwa sababu tajiri wetu, Bwana Halinga, aliingia ubia na watu wa China. Jina la injinia lilitushinda. Tulimwita Mzee Chupa, maana haachani na chupa yake ya maji ya moto, jua liwake mvua inyeshe. Alikuwa mtu mpole. Hakumgombeza mtu mbele ya wenzake hata siku moja. Ukikosea anakuja karibu, anaongea chini chini, anaonyesha kwa kidole kidogo tu, anaondoka. Sisi tuliozoea kelele za Halinga tulidhani huyu hana neno. Kumbe ndivyo anavyoonya.

Hilo la kwamba ndivyo anavyoonya tuliambiwa na Brayson, mkalimani wa kwanza. Brayson alikuwa kijana wa Mbozi, mtoto wa wakulima wa kahawa, amesoma chuo cha mbali, miaka si haba, na sehemu ya masomo akaenda kuyamalizia China kwenyewe. Tulimcheka sana. Mzee Chupa anaongea, sisi tunangoja, Brayson anainua mkono.

"Subirini, sijamwelewa. Nimuulize tena."

"Aah!" Lazaro anadakia. "Mkalimani gani huyu? Umetumwa China ukasome au ukachunge mbuzi?"

"Lazaro, kaka, ni mashine ya kukata vidole hii. Unataka nikisie?"

"Kisia tu, nina vidole kumi!"

Alikuwa anauliza mara mbili, mara tatu, na Mzee Chupa wala hakukasirika, anaeleza upya, anachora chini na kijiti. Tukaona kama udhaifu. Kumbe ule ndio ulikuwa usomi wenyewe. Brayson alituambia na mambo ambayo si ya lugha. Kwamba akisema "tutaangalia" amekataa. Kwamba akicheka wakati kitu kimeharibika hafurahii, anaficha aibu, yako au yake. Na alimweleza Mzee Chupa mambo yetu pia: kwamba kwetu kijana hamkodolei macho mkubwa, na kwamba mkubwa akiongea tunajiinamisha tunapiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa, heshima ya tangu mababu, Wanyiha kwa Wanamwanga mpaka ng'ambo ya Zambia. Makofi yale hayasemi nimekubali. Yanasema nimekuona mkubwa wangu. Yashikeni na hayo.

Brayson aliondokaje? Kwa sababu ya ukweli wake. Siku moja Halinga akiwa na Mzee Chupa ofisini alinuna, akageuka pembeni akasema, "Huyu mla vyura ananichosha." Brayson akatafsiri. Neno kwa neno. Mzee Chupa akanywa maji yake ya moto, akajibu kwa upole, na Brayson akatafsiri na jibu: "Anasema hajawahi kula chura, ila akiwa mgeni wako na ukimpikia, atakula."

Tulicheka wiki nzima. Halinga hakucheka. "Unatafsiri hata nisichotaka!" akamwambia. Brayson hakumaliza mwezi ule pale. Kuanzia hapo Halinga alitaka mkalimani asiyetafsiri. Nalisema wazi na jina nalitaja, maana yupo, anapita hapo Mlowo na gari lake, na anajua ninachosema.

Sasa Tusekile. Alimaliza kidato cha nne akiwa na akili ya lugha tangu utotoni. Nyumbani Kinyiha, kwa baba yake Kindali, sokoni Kiswahili, na akienda Tunduma anaongea Kibemba na Wazambia hadi wanamuuliza kwao ni Nakonde mtaa gani. Siku alizokuja kunitembelea Galula, kabla Brayson hajafukuzwa, alikuwa anakaa naye pale kwa Mama Vero, anauliza maneno, anayaandika mkononi kwa kalamu. Brayson akaniambia, "Anko, huyu msimchezee. Huyu apelekwe chuo cha maana."

Akamwita binti, akamweleza jinsi ya kuchagua. Nilikuwepo, nakula ugali wangu, na kila alichosema nakikumbuka kwa sababu baadaye kilikuja kuniuma kimoja kimoja.

"Dada Tuse, usiende siku ya sherehe. Nenda siku ya kawaida, siku ambayo hawakutegemei. Kaa nje ya dirisha usikilize. Ukisikia darasa zima linaitikia pamoja kama kwaya, nyanyuka uondoke. Ukisikia mwanafunzi anabishana na mwalimu kwa lugha ile, anakosea, anarudishwa, anakosea tena, hapo kaa."

"Na nikimkuta mwalimu mweupe?"

"Weupe haufundishi. Mwalimu wangu bora alikuwa Mmakonde. Uliza wanafundisha nini zaidi ya lugha. Historia ya wale watu, dini zao, wanavyofanya biashara, wanavyokataa, wanavyokasirika. Na uliza Asia gani. Mhindi si Mjapani, Mkorea si Mchina. Chuo kikikuambia kitakupa Asia yote kwa muhula mmoja, hicho ni duka. Halafu waulize waliomaliza wako wapi, uende ukawaone kazini kwao. Usikubali picha."

Tusekile akacheka. "Kaka Brayson, na nikiuliza kimoja tu?"

Brayson alifikiri. "Muulize mwalimu: wewe usipoelewa, unafanyaje? Akikuambia 'nauliza tena', lipo la kujifunza pale. Akikuambia kingine chochote, chukua begi lako."

Chuo alichotuelekeza kilikuwa mbali, mabasi mawili na kulala njiani. Dada yangu Atupele akaanza kulia. Mtoto wa kike, mji wa watu, hana ndugu. Nilimwambia dada, huyu kijana anajua anachosema. Akanijibu, "Wewe umemaliza darasa la saba, vyuo unavijulia wapi?" Akanifunga mdomo kwenye mlango wangu mwenyewe.

Ndipo akaja Gidioni Sikanyika. Huyo naye namtaja. Alikuja Itaka Jumapili, suti ya bluu, akaomba kwa wazee wa kanisa apewe nafasi baada ya matangazo. Akapewa. Akasimama pale mbele, penye kitambaa cheupe, akaongea kuliko mhubiri.

"Wazazi wangu wapendwa, mashariki inakuja Songwe! Migodi inakuja, viwanda vinakuja, na matajiri wote hawana mdomo. Mdomo wao ni nani? Ni mtoto wako! Na chuo hakipo ng'ambo, kipo Tunduma hapa hapa. Jumatatu anakwenda, mwisho wa wiki anarudi anakutekea maji."

Hilo la maji ndilo lililommaliza dada yangu.

Chuo chenyewe kilikuwa ghorofa ya juu ya maduka, karibu na yanapopanga foleni malori ya kwenda Zambia. Ukutani nje walikuwa wamechora joka jekundu, kubwa, macho ya dhahabu, moto unatoka. Lilichorwa vizuri, nisiseme uongo. Madereva wa malori walikuwa wanaelekezana kwa lile joka. Mwenye chuo ni Ezron Simkanga, ambaye kabla ya kuwa mkurugenzi alikuwa na kibanda cha simu pale mpakani, akajifunza maneno ya kupatana bei na wafanyabiashara wa kigeni. Maneno ya bei, salamu, na asante. Hiyo ndiyo Asia aliyokuwa nayo.

Tusekile hakuwa mjinga. Alikumbuka swali. Walipokwenda na mama yake kuandikishwa, alimuuliza Ezron uso kwa uso, "Mwalimu, wewe usipoelewa, unafanyaje?"

Ezron alicheka hadi akafuta macho. "Binti yangu, hapa kwetu hakuna asiyeelewa."

Dada yangu akapiga makofi.

Angechukua begi lake pale. Lakini ukimtazama mtoto wa kijijini amekaa kwenye kiti kinachozunguka, mama yake amefurahi kwa mara ya kwanza tangu msiba, na mtu mwenye tai anamwita binti yangu, ni nani angenyanyuka? Wewe unayesoma hapa ungenyanyuka? Usinijibu haraka.

Nilikwenda kwenye mahafali yao. Waliimba nyimbo za Kichina, wamevaa nguo za kung'aa, mikono inapanda na kushuka. Wazazi tulilia. Hata wangeimba Kindali kinyumenyume tungelia vilevile. Mbele kabisa alikaa bwana mmoja wa Kichina, suti, ua kifuani, wakamtambulisha kwetu kuwa ndiye mwalimu mkuu wa lugha. Brayson alikuja kuniambia baadaye kwamba anamfahamu yule bwana, ni muuza mablanketi wa jumla pale Tunduma. Alialikwa akiambiwa kuna duka linafunguliwa. Alikaa saa zile zote anangoja kukata utepe.

Na kuna kitu walifundishwa pale chuoni kwa nguvu kuliko Kichina. Tusekile alikuwa anakisema nyumbani kwa fahari, kama mtoto anayesema sala. "Mkalimani hanyamazi, mjomba." Ukinyamaza, tajiri anaona hujui, unapoteza kazi, unaaibisha chuo. Kwa hiyo usipoelewa, tabasamu, itikia kwa kichwa, sema lililo karibu, kazi iende. Walifanyishwa mazoezi ya hilo. Ezron anabwabwaja maneno yasiyo na maana, wanafunzi wanasimama mmoja mmoja wanatabasamu na "kutafsiri", na atakayekwama anachekwa na darasa zima. Fikiria. Kosa alilonikimbizia Babu Nzunda kwa fimbo mpaka barabarani, wenzetu walikuwa wanalitolea cheti.

Halinga alimchukua mara moja. Alimpenda mno. Binti mchangamfu, hana maswali, mkutano unaisha upesi. Na usidhani hakujua. Mama Vero alikuwa anapeleka chai ofisini siku Tusekile aliponong'ona, "Bosi, hapa sijaelewa vizuri." Halinga akasema, "Sema chochote, mradi kazi iende." Mama Vero alisikia kwa masikio yake na yuko tayari kusema mbele ya yeyote. Hakuna aliyemuuliza.

Miezi ya mwanzo hatukuona kitu. Mzee Chupa alikuwa ameshaokota Kiswahili kidogo, maji, kazi, kesho, bado, na mitambo tulishaizoea. Binti alikuwa anakondeana tu. Nikimuuliza anasema ni vumbi.

Siku yenyewe ilianza na mimi. Niliweka kiganja kwenye tangi namba mbili, kama kila asubuhi, nikakuta ile shingo ya mgonjwa. Upande wa chini, juu kidogo ya shimo la koki. Nikamwita Lazaro, naye akaweka kiganja. Akasema, "Huyu ana malaria." Tukaenda kumwita Mzee Chupa, maana lilitakiwa kujazwa siku ile, marudio yalishapakiwa na Halinga alikuwa anatufokea tangu alfajiri.

Mzee Chupa alikuja. Akapiga magoti, akaugusa ukuta, akaugonga kwa kifuniko cha chupa yake. Akasimama. Akaongea, chini chini, kama kawaida yake, hakutaka kutuaibisha mbele ya Halinga kwamba tangi tulilojenga sisi lilikuwa bovu. Akaonyesha kwa kidole kidogo. Akarudia. Akamtazama Tusekile.

Tusekile akatabasamu.

"Amesema ni jasho la zege tu. Jazeni, ila taratibu."

Na sisi, mkubwa wetu ameongea, tulijiinamisha tukapiga makofi. Wote. Po, po, po. Mzee Chupa alitutazama, akarudia neno lake mara ya tatu, tukapiga tena. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwenye kontena lake. Halinga akasema, "Mmesikia? Washa pampu." Mimi na Lazaro tukateremka kwenye shimo kufunga koki.

Kilichofuata nimeshawaambia.

Nilipokuwa hospitali, mguu umening'inizwa, waliingia watu wawili. Mzee Chupa, amezeeka ghafla, chupa yake kwapani. Na Brayson, ambaye Mzee Chupa alimtafuta kwa simu akaja kutoka alikokuwa. Mzee Chupa akamimina maji ya moto kwenye kifuniko, akanipa kwa mikono miwili. Halafu akaongea. Brayson akainua mkono, nikakumbuka zamani, akamuuliza tena jambo, akajibiwa. Ndipo akanigeukia.

"Anko, anasema: nilisema lisijazwe. Nilisema ukuta umekufa, watu wasikae chini yake. Nilisema mara tatu. Mkapiga makofi."

Nikakirudisha kile kifuniko mezani.

"Anauliza, kwa nini mlipiga makofi? Alidhani mmekubali. Alidhani mnamshukuru."

Nilimweleza Brayson amwambie yale makofi maana yake nini. Akamwambia. Yule mzee alifunika uso kwa mikono, akalia, hakuficha, na wagonjwa wengine wakageukia ukutani. "Si ulishamweleza zamani?" nikamuuliza Brayson. Brayson akasema, "Nilimweleza nikiwa nafika. Anasema alisahau, na hapakuwa na mtu wa kumkumbusha."

Hapakuwa na mtu. Mkalimani alikuwepo, alikuwa amesimama palepale, mtoto mwenye akili kuliko sisi wote. Chuo cha kweli kingemfanya awe huyo mtu. Angejua kwamba mzee yule akinong'ona ndipo unapotakiwa kuogopa. Angejua jinsi makofi yetu yanavyoonekana upande wa pili. Na angekuwa ameruhusiwa kusema neno moja dogo, sijaelewa, ambalo lingemwacha Lazaro hai anaendelea kunitania mpaka leo.

Lazaro tulimzika Itaka. Yaani walimzika, mimi nilikuwa kitandani. Jina lake lilimdanganya, hakuna aliyekuja siku ya nne kumwita. Ameacha mke, watoto na mama mzee.

Na lawama zikaenda wapi? Halinga aliandikisha maelezo kwamba yeye alifuata aliyosema mkalimani. Ezron alipoulizwa akasema yule binti hakuwa mwanafunzi mzuri, alikuwa mtoro. Mtoro! Mtoto aliyekuwa anakaa mstari wa mbele mpaka walimpa wimbo wa kuongoza kwenye mahafali. Gidioni akabadilisha namba ya simu. Watu wa Itaka, wale wale waliompigia Gidioni makofi kanisani, wakaanza kumwita dada yangu mama wa muuaji. Mawe yalirushwa kwenye bati lake.

Tusekile alivuka mpaka. Yuko Nakonde, ana meza ya vitenge na sabuni. Nilikwenda kumwona na magongo yangu. Wateja wakipita wanamsalimu kwa Kibemba, "Mulishani mukwai," anawajibu kwa kuinua kichwa tu. Hajaongea na mteja kwa lugha yoyote tangu afike, anaonyesha bei kwa vidole. Alipoona ni mimi alikuja kunishika gongo. Nikamwambia, "Mama Vero anakusalimu." Akasema polepole, "Mjomba, nilimuuliza. Lile swali nilimuuliza Mwalimu siku ya kwanza." Nikamwambia najua. Akasema, "Niliuliza sawasawa?" Nikamwambia uliuliza sawasawa kabisa, mwanangu, aliyekosea ni aliyejibu.

Hiyo ndiyo kazi yangu niliyobakiza duniani, kumwondolea mtoto yule lawama isiyo yake. Tangi siliwezi tena.

Lile joka lipo. Wamelipaka rangi upya. Pembeni wameongeza maua ya Kijapani na nyumba ya kifalme sijui ya wapi, na bango jipya linasema masomo ya Asia yote, nafasi zimebaki chache. Nimekaa ng'ambo ya barabara mchana mzima kwenye kiti cha fundi viatu, nikafanya alivyosema Brayson, nikasikiliza dirishani. Darasa zima linaitikia pamoja. Kama kwaya.

Kwa hiyo nyie wenye mabegi, mmeyasikia. Panda mabasi mawili ulale njiani. Uliza lile swali, na jibu likiwa kicheko, nyanyuka, hata kama mama yako anapiga makofi.

Na wewe Halinga, nenda ukaandikishe maelezo upya, useme ulichomwambia binti ofisini chai ikiwa mezani. Wewe Gidioni, rudi kanisani Itaka baada ya matangazo, simama palepale penye kitambaa cheupe.

Lakini Ezron Simkanga, wewe nakutaka kwa Mama Lazaro. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kisimani, hatoki siku hizi, utamkuta. Kiswahili hajui vizuri, atakuuliza kwa Kinyiha mwanawe alikufa kwa nini. Wewe mtu wa mpakani, Kinyiha hujui. Hutamwelewa. Usitabasamu. Usiitikie kwa kichwa. Sema mbele yetu sote kwamba hujaelewa, uone kama mtu amewahi kufa kwa kulisema. Ukishalisema, tutakutafsiria swali lake, na safari hii utalijibu.